Ngaahika Ndeenda Jukwaani Tena: Hadhira, Nyimbo na Suala la Lugha Thika na Ruiru

Mwezi wa Mei 2022 tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ilirudi jukwaani jijini Nairobi. Safari hii ilionyeshwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo na kundi la Nairobi Performing Arts Studio, mwelekezi akiwa Stuart Nash. Maonyesho yalikuwa ya aina mbili, baadhi kwa Kikuyu na mengine kwa Kiingereza. Magazeti ya nchini na ya ng'ambo yaliyaandikia kwa wingi, na uhakiki huo karibu wote ulishika mambo mawili: kwamba mchezo huu ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kwamba maudhui yake bado hayajachakaa. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo liko suala la tatu ambalo lilipitiwa pembeni na wahakiki na wapenzi wa mchezo huo vilevile, nalo ni la lugha. Hapa haikusudiwi ile hoja ya siku zote ya Kikuyu dhidi ya Kiingereza. Linalokusudiwa ni swali la lugha wanayotumia leo wale watu ambao tamthilia yenyewe inawazungumzia, yaani vibarua wa mashamba makubwa na wafanyakazi wa viwanda. Swali hilo halionekani vizuri mtu akiketi ukumbini Nairobi. Huonekana akiutazama mchezo huu kutoka Thika na Ruiru.

Yafaa kwanza historia ikumbukwe kwa ufupi. Tamthilia ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977 huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, katika uwanja wa maigizo usio na paa ambao wanakijiji wenyewe waliujenga, wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Mwelekezi alikuwa Kĩmani Gecaũ. Waigizaji walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda na watu wasio na kazi. Tarehe 16 Novemba mwaka huohuo serikali ya wilaya ya Kiambu iliondoa kibali cha maonyesho. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini katika Gereza la Kamiti, ambalo haliko mbali na Ruiru, hadi Desemba 1978. Mwaka 1982 kundi la Kamĩrĩĩthũ lilitaka kuonyesha mchezo wa pili, Maitũ Njugĩra, katika Ukumbi huohuo wa Kitaifa, likafungiwa milango. Mnamo Machi 1982 uwanja wa Kamĩrĩĩthũ ulibomolewa. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Gecaũ walikimbilia Zimbabwe. Basi mchezo ulioonyeshwa mwaka 2022 uliingia kwa mlango wa mbele katika jengo ambalo miaka 40 kabla yake liliwakataa waasisi wake. Wahakiki walifurahia kinyume hicho, na walikuwa na haki ya kukifurahia. Kwamba mwelekezi safari hii alikuwa Mwingereza ni jambo rahisi kulitolea kejeli, lakini kejeli hiyo haimfikishi mtu mbali. Swali la nani anaelekeza ni dogo likilinganishwa na lile la nani anatazama.

Sifa iliyorudiwa zaidi ni ile ya kwamba mchezo "bado unafaa leo". Hii ni sifa nyepesi. Huwa haimgharimu mhakiki kitu, kwa sababu tamthilia yoyote inayowahusu matajiri na maskini itafaa popote palipo na matajiri na maskini. Tena maonyesho yalifanyika miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2022, wakati ambapo hali ya mnyonge na ya mwenye nacho ilikuwa midomoni mwa kila mwanasiasa. Kwa hiyo kusema mchezo unafaa ilikuwa ni kusema lililokuwa likisemwa tayari barabarani. Kazi ya uhakiki ilikuwa kuonyesha unafaa wapi na umeachwa wapi na wakati.

Mfano mmoja watosha. Kĩgũũnda, mhusika mkuu, ni kibarua mwenye ekari moja na nusu ya ardhi. Hati ya ardhi hiyo ameitundika ukutani nyumbani mwake, na msiba wote wa mchezo umefungwa katika karatasi hiyo: Ahab Kĩoi, mwajiri wake, anaitamani ardhi ili kijengwe hapo kiwanda cha dawa za kuua wadudu pamoja na wageni, Kĩgũũnda anashawishiwa kufunga ndoa ya kanisani na mkewe Wangecĩ, anachukua mkopo wa benki kwa rehani ya hati ile, na hatimaye ardhi inapigwa mnada. Mwaka 1977 hadhira ya Limuru ilimtambua Kĩgũũnda kuwa mmoja wao. Sasa mhusika huyu ahamishiwe Ruiru ya leo. Mashamba ya kahawa yaliyoizunguka Ruiru, mji uliolipa jina lake kwa aina ya mbuni ya Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985 na kituo cha utafiti kilicho hapo, yamekatwakatwa na kuwa mitaa ya nyumba. Ardhi huuzwa kwa ploti za futi 50 kwa 100, ambazo watu huziita "thumni ya ekari". Mwenye ekari moja na nusu Ruiru ana ploti kama 12. Huyo si mnyonge tena, ni mtu wa kutafutwa na mawakala. Mnyonge wa Ruiru ni mpangaji wa chumba kimoja, na ukutani mwake hakuna hati ya kutundika. Labda risiti ya kodi. Mchezo haukosi maana mbele ya mtu huyu, lakini maana yake inabadilika. Kĩgũũnda anapoteza kitu. Mpangaji wa Ruiru anamtazama mtu akipoteza kitu ambacho yeye hajawahi kuwa nacho. Tofauti hiyo ni kubwa kisanaa, na ingestahili kuandikiwa.

Wapenzi wa mchezo, tofauti na wahakiki, hawakushughulika sana na kufaa au kutofaa. Kwao jambo kubwa lilikuwa Kikuyu. Wako waliosikia habari za Kamĩrĩĩthũ kwa wazazi wao, na wako walioujua mchezo kwa kuusoma tu, kwa Kikuyu katika chapa ya mwaka 1980 au kwa tafsiri ya Kiingereza ya 1982. Kwa wote hao, kukisikia Kikuyu kamili, chenye methali na mafumbo, kikisemwa kwa saa nzima na zaidi katika Ukumbi wa Kitaifa, kulikuwa na uzito usiopimika kwa urahisi. Watu waliosoma katika shule ambazo mtoto aliadhibiwa kwa kusema lugha ya nyumbani wana sababu ya kufurahi. Wala haifai kudhani kwamba Kikuyu kilikuwa kimenyamaza katika sanaa ya maigizo tangu 1977. Katika miaka ya 1990 Wahome Mutahi alionyesha michezo ya kejeli kwa Kikuyu katika baa za Nairobi na za miji ya Mkoa wa Kati wa wakati huo, mbele ya watu waliokuwa na glasi mezani. Na kabla ya hapo riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ ilikuwa ikisomwa kwa sauti katika baa. Kikuyu hakikuwa kimekufa; kilikuwa kimefukuzwa kutoka majumba yenye hadhi.

Hata hivyo furaha hiyo ina upande wa pili. Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 Kikuyu hakikuchaguliwa kwa sababu ni cha kabila fulani. Kilichaguliwa kwa sababu ndicho kilichosemwa na vibarua na wafanyakazi wa mahali hapo. Ilikuwa lugha ya tabaka kwa kuwa ilikuwa lugha ya kijiji. Katika Nairobi ya 2022 lugha ileile ilisikilizwa na hadhira iliyokata tikiti ukumbini mjini, yenye elimu, ambayo kwa sehemu kubwa ingeweza pia kuhudhuria usiku wa Kiingereza na isipotewe na neno. Hapo Kikuyu kinaanza kufanya kazi nyingine, ya kumbukumbu na ya fahari. Si kosa, lakini si kazi ileile, na kuzichanganya hizo mbili ndiko kulikowafanya wapenzi wengi waamini kwamba Kamĩrĩĩthũ imerudi.

Nyimbo zinalidhihirisha jambo hili kuliko mazungumzo. Ngaahika Ndeenda ni tamthilia ya nyimbo kwa kiasi ambacho msomaji wa kitabu hakitambui. Zimo nyimbo za kuchangisha fedha za kanisa, nyimbo za injili zinazoimbwa na akina Kĩoi, nyimbo za Mau Mau, ngoma ya wavulana ya mũthũũ, na gĩtiiro, ule mjibizano wa harusi ambao wake kwa waume huimba kwa zamu. Nyimbo hizi ndizo hoja yenyewe. Wimbo wa injili ukiisha na wa Mau Mau ukianza, historia mbili zimegongana bila ya mhusika kutoa hotuba. Katika mazoezi ya 1977, yaliyofanywa hadharani, wazee walisahihisha maneno na namna ya kuimba gĩtiiro, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na ujuzi wake. Kundi la 2022 lilijulikana kwa michezo ya muziki kama Sarafina!, Grease na Jesus Christ Superstar, na ustadi wa namna hiyo huleta sauti zilizopangwa na miguu inayokwenda pamoja. Lakini kikundi kilichofunzwa kuimba na kijiji kinachosahihisha wimbo wake chenyewe ni vitu viwili. Katika cha kwanza mtazamaji hushangilia. Katika cha pili hubisha. Uhakiki uliosifu nyimbo kuwa "zinachangamsha" ulitamka, pengine bila kukusudia, ni kipi kati ya viwili hivyo kilichokuwa mbele ya macho.

Ni hapa Thika na Ruiru zinapohitajika. Miji hii miwili imo katika Kaunti ya Kiambu, pamoja na Limuru. Thika iko kilomita zipatazo 40 kutoka Nairobi, na Ruiru iko njiani, kando ya barabara kuu iliyopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012. Ulimwengu wa Ngaahika Ndeenda, yaani shamba kubwa la mwenye mtaji wa kigeni, kiwanda cha zamu za usiku, kanisa la mchango, benki na dalali, ni ulimwengu ambao Thika inaujua kwa kina. Nje ya mji yametandaa mananasi ya Del Monte hadi ndani ya Murang'a. Mjini ziko karakana na viwanda vya nguo na vyakula. Kama yuko Gĩcaamba wa leo, yule mfanyakazi wa kiwanda anayempa Kĩgũũnda somo la jasho na faida, basi Thika ni mahali pa kumtafuta.

Ila Gĩcaamba huyo hasemi Kikuyu peke yake, na mara nyingi hasemi Kikuyu kabisa. Sensa ya 2019 iliihesabu Ruiru kuwa na watu karibu 490,000 na Thika takriban 250,000, na ongezeko hilo halikutokana na uzazi wa wenyeji tu. Wamekuja Wakamba kutoka ng'ambo ya Athi, Waluhya, Wakisii, Wajaluo, na wengine wengi. Katika foleni ya lango la kiwanda, katika chumba cha kupanga, katika matatu na katika mkutano wa chama cha wafanyakazi, lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Wala si Kiswahili cha vitabu. Ni cha mji, kilichochanganyika na sheng na lafudhi za kila upande, lakini ni Kiswahili. Kwa hiyo kanuni ileile iliyowaongoza waandishi wa 1977, kwamba mchezo usemwe kwa lugha ya wanaohusika, ikifuatwa kwa uaminifu Thika leo, haileti Kikuyu. Inaleta lugha ambayo maonyesho ya 2022 hayakuwa na usiku wake hata mmoja.

Upungufu huo unashangaza zaidi kwa sababu tafsiri ya Kiswahili iko. Nitaolewa Nikipenda, iliyofasiriwa na Clement Kabugi, ilichapishwa mwaka 1982, mwaka uleule wa tafsiri ya Kiingereza. Haikuhitaji kutungwa upya. Ilihitaji kufutwa vumbi. Na jina lake tu laonyesha kilichopotea. Kiingereza kinatumia kitenzi kimoja kwa anayeoa na anayeolewa, hivyo I Will Marry When I Want haimwambii msomaji ni mwanamke au mwanamume anayesema. Kikuyu hutofautisha: mwanamke huhika, mwanamume huhikia. Kiswahili nacho hutofautisha kuolewa na kuoa, na Kabugi alichagua sawasawa. Kitenzi cha pili kina jambo lake pia. Kwenda kwa Kikuyu ni kutaka na ni kupenda, na nikipenda ya Kiswahili inabeba maana zote mbili kwa pamoja, ya hiari na ya mapenzi, ambapo Kiingereza kimelazimika kuchukua moja. Basi kwa maneno mawili ya jina la kitabu, Kiswahili kiko karibu na asili kuliko lugha iliyopewa nusu ya msimu. Kwa mchezo ambao kisa chake kimezungushwa juu ya ndoa mbili, ile ya kanisani anayosukumiwa Kĩgũũnda na ile ambayo binti yake Gathoni ananyimwa na mwana wa Kĩoi baada ya kupata mimba, hili si jambo la pambo.

Kusema hivi si kudai kwamba kila kitu kingekwenda vyema. Nyimbo za injili zingevuka bila taabu, kwani mfanyakazi wa Thika anazijua kwa Kiswahili tangu utotoni, na dhihaka yake ingemchoma palepale. Majina ya Ahab na Jezebel pia hayahitaji maelezo kwa msomaji wa Biblia ya Kiswahili anayekumbuka shamba la mizabibu la Nabothi. Taabu iko katika gĩtiiro. Pwani kuna vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, na mfasiri angeweza kushawishika kuuweka mfano huo badala yake. Lingekuwa kosa. Kibarua wa Ruiru hana vugo kama asivyo na gĩtiiro, na Kiswahili chake hakikuja na ngoma za Lamu wala Mombasa. Njia iliyo bora ni kuiacha gĩtiiro katika Kikuyu chake ndani ya mchezo wa Kiswahili, kwa sababu jirani Mkisii huisikia harusi ya Kikuyu ng'ambo ya ukuta na kuielewa kwa kiasi chake. Ndivyo watu wanavyoishi katika miji hiyo.

Njia hii si ngeni kwa Kamĩrĩĩthũ. Maitũ Njugĩra, ule mchezo uliofungiwa milango mwaka 1982, ulikuwa mchezo wa muziki uliokusanya nyimbo za makabila kadha ya Kenya, na mazoezi yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi yalijaza watu hadi walipozuiliwa. Maana yake ni kwamba hatua ya pili ya waasisi wenyewe ilikuwa inatoka kijijini kuelekea nchi nzima. Aliyebomoa uwanja aliikatiza safari hiyo katikati. Anayerudia hatua ya kwanza peke yake, miaka 45 baadaye, kwa uaminifu wote, anamsaidia mbomoaji bila kujua.

Patakuwa na wanaojibu kwamba kumnyima Kikuyu mwandishi aliyeiacha lugha ya Kiingereza kwa ajili yake ni kumkosea heshima, hasa sasa ambapo Ngũgĩ wa Thiong'o amefariki, tarehe 28 Mei 2025. Jibu hilo lina uzito wa huruma kuliko wa hoja. Ngũgĩ mwenyewe, katika makala yake juu ya ubeberu wa Kiingereza, alikipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya ulimwengu. Hakukiona kuwa adui wa lugha za mama. Wala fasihi ya Kiswahili haikuwa imelala wakati Kamĩrĩĩthũ ikipigwa. Mwaka 1981 Alamin Mazrui alichapisha Kilio cha Haki, tamthilia ya mgomo wa vibarua wanaoongozwa na mwanamke, Lanina, katika shamba la mzungu aitwaye Delamon. Jina hilo linamkumbusha msomaji Delamere, na msomaji wa Thika linamkumbusha pia jina lingine analolisoma kila siku katika mabango ya mananasi. Mazrui naye alitiwa kizuizini mwaka 1982. Michezo hii miwili ni ndugu. Imetenganishwa na idara za vyuo vikuu, ambapo mmoja husomwa katika fasihi ya Kiingereza na mwingine katika Kiswahili, na wahakiki wa upande mmoja hawatembelei wa pili. Kama wangetembeleana, swali la usiku wa Kiswahili lingeulizwa kabla ya pazia kufunguliwa.

Lipo tukio dogo katika tamthilia ambalo linaweza kulipima suala hili. Jina la mchezo limetoka katika wimbo wa mlevi anayepita karibu na nyumba ya Kĩgũũnda. Mwanamume mzima, amelewa, anaimba kwa kitenzi cha mwanamke kwamba ataolewa akipenda. Kwa Kikuyu hadhira hucheka mara moja, kisha hukumbuka kicheko hicho Gathoni anapofukuzwa. Katika usiku wa Kiingereza mlevi anapita, anaimba, na kitenzi hakina cha kuchekesha. Mwigizaji hulazimika kuyumba zaidi ili kicheko kije. Kwa Kiswahili, katika ukumbi wowote wa kijamii wa Thika, mlevi yule angetamka neno moja tu, na watu wa pande zote za nchi waliokaa humo wangecheka pamoja kabla hajamaliza kupita.